Bendi Ilivunjika, Nyimbo Zikabaki

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya bendi ni kupiga muziki tu. Sivyo. Bendi ni kikundi cha kazi kama vikundi vingine. Ina viongozi, ina fedha, ina madeni na ina mali. Wanakikundi wakielewana, kazi huenda mbele. Wakinyamaziana, kazi huharibika, hata kama wote ni mafundi hodari. Katika somo hili tutasoma habari za bendi moja ya Marekani iliyoitwa Uncle Tupelo.

1. Vijana wa Belleville

Belleville ni mji katika jimbo la Illinois. Ng'ambo ya mto Mississippi kuna jiji la St. Louis. Zamani watu wengi wa Belleville walichimba makaa ya mawe.

Jay Farrar na Jeff Tweedy walisoma pamoja shule ya sekondari katika mji huo. Wote wawili walipenda panki. Panki ni muziki wa vijana, wenye mwendo wa haraka na kelele nyingi. Mwaka 1987 wao na rafiki yao Mike Heidorn walianzisha bendi ya Uncle Tupelo. Farrar aliimba na kupiga gitaa. Tweedy aliimba na kupiga gitaa la besi. Heidorn alipiga ngoma.

Nyimbo zao za kwanza zilieleza maisha waliyoyajua: kazi ya kiwandani, ulevi, na kijana asiyeona njia mbele yake.

2. Muziki wa wazee na wa vijana

Vijana hawa walipenda pia muziki uitwao kauntri. Kauntri ulikua kati ya watu wa mashambani kusini mwa Marekani. Hupigwa kwa gitaa, fidla na banjo. Huimba habari za kazi, mapenzi, dini na taabu. Vijana wengi waliuona kuwa ni muziki wa wazee. Uncle Tupelo hawakuudharau. Waliuchanganya na panki. Wimbo wao uliweza kuanza polepole na kwa huzuni, kisha ukalipuka kwa kishindo. Baadaye muziki wa namna hii ulipewa jina la kauntri mbadala.

Januari 1990 walikwenda Boston wakarekodi santuri yao ya kwanza kwa siku 10. Waliiita No Depression, maana yake "Hakuna Dhiki". Jina hilo lilitoka katika wimbo wa zamani uliorekodiwa mwaka 1936 na Carter Family, kundi la ndugu wa jimbo la Virginia. Miaka hiyo ya 1930 Marekani ilipatwa na dhiki kubwa. Viwanda vilifungwa, mabenki yalifilisika, wakulima walipoteza mashamba. Wimbo huo uliwafariji watu kwamba mbinguni hakuna dhiki kama hiyo. Vijana wa mwaka 1990 waliuimba tena kwa sauti yao wenyewe.

Santuri ya pili ilitoka mwaka 1991. Machi 1992 walikwenda Athens, jimbo la Georgia. Huko walisimamiwa na Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi mashuhuri ya R.E.M. Safari hii waliweka kando kelele za magitaa ya umeme. Waliimba nyimbo zao mpya pamoja na nyimbo za jadi, ukiwemo mmoja wa wachimba makaa ya mawe. Walimaliza kazi kwa siku tano, tangu tarehe 16 hadi 20. Tarehe hizo ndizo zikawa jina la santuri.

3. Viongozi wawili wasiozungumza

Mwaka huo huo Heidorn aliondoka. Wanamuziki wapya waliingia. Mwaka 1993 bendi ilirekodi santuri ya nne, Anodyne, kwa ajili ya kampuni kubwa ya Sire. Wakati wa kurekodi, walipiga wote kwa pamoja kama watu wanaopiga jukwaani.

Kwa nje mambo yalikuwa mazuri. Kwa ndani kulikuwa na ufa. Mwanzoni Farrar ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu. Kidogo kidogo Tweedy naye alitunga na kuimba nyimbo nyingi zaidi. Sasa bendi ilikuwa na viongozi wawili, na viongozi hao karibu hawakuzungumza.

Januari 1994 Farrar aliamua kuacha. Alimwambia meneja wa bendi, Tony Margherita. Hakumwambia Tweedy. Tweedy alipata habari hizo kwa meneja, akakasirika sana. Hebu fikiri: watu wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu shuleni, lakini habari ya kuachana ikaletwa na mtu wa tatu.

Hata hivyo bendi ilikuwa na deni. Basi walikubali kufanya safari moja ya mwisho ya maonyesho. Walipiga kwa mara ya mwisho tarehe 1 Mei 1994 katika ukumbi wa Mississippi Nights, St. Louis. Heidorn alirudi siku hiyo kupiga nao.

4. Yaliyobaki

Farrar na Heidorn waliingia bendi mpya, Son Volt. Tweedy na wenzake waliobaki waliunda Wilco. Bendi zote mbili zilitoa santuri za kwanza mwaka 1995. Mwaka huo huo lilianzishwa gazeti la muziki wa namna hii, likaitwa No Depression. Mwaka 2005 Wilco ilipata tuzo ya Grammy.

Lakini lilibaki jambo moja la mali. Santuri tatu za kwanza zilikuwa mikononi mwa kampuni ndogo iliyozitoa. Mwaka 2000 wanamuziki wale walikwenda mahakamani kudai malipo yao. Shauri lilimalizika kwa mapatano, na haki za santuri hizo zikawa zao kwa pamoja. Mwaka 2003 zilitolewa upya. Watu waliokuwa hawazungumzi waliweza kusimama upande mmoja kwa ajili ya jasho lao.

Kila kikundi kinaweza kupata ufa. Ufa ukisemwa mapema, huenda ukazibwa. Na hata kikundi kikivunjika, mali ya wanakikundi haifi. Inafaa idaiwe, na aidaiye awe na hati zake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Uncle Tupelo walichanganya miziki gani miwili?
2. Jina la santuri yao ya kwanza lilitoka wapi?
3. Farrar angeweza kufanya nini kabla ya kwenda kwa meneja? Na Tweedy je?
4. Kikundi chenu kina mali gani? Hati zake zinawekwa na nani?