Ndinga Imetoka Oveholi, Mbona Inabugia Wese?

Manze, kuna moshi ukiiona nyuma ya gari yako unatamani hiyo gari ikuwe ya msee mwingine. Yangu ilikuwa nyeusi tii, inatoka kwa egzosi kila nikikanyaga, hadi makanga wa Thika Road wakaanza kuniita Treni.

Ndinga ni Corolla AE100, ile mtaa huita tu Hundred, enjini ya 5A-FE, cc 1498. Ilikuwa imechemka hadi hedi ikapinda. Nikasota miezi tatu nikisaka doo ya oveholi: ringi mpya, bearingi, hedi ikaskimiwa, gasketi zote. Siku ya kuichukua fundi ananishow hii sasa ni kama imetoka melini. Zii. Sailensi ilikuwa inatetemeka kama mtu ametoka kunyeshewa, inamisi, inakohoa, na wese ya thao mbili yenye ilikuwa inanibeba wiki mzima ilikuwa inadedi Jumatano.

Sasa ukiwa na shida kama hiyo, usiingie Grogan na hofu usoni. Grogan ni Kirinyaga Road, ni vile jina la zamani lilikataa kuhama. Kila msee hapo ako na dawa, na dawa ni ile kitu anauza. Wa plagi anasema plagi. Wa injekta anasema injekta, na anakuapia kwa mathake. Kuna mmoja alikuwa na kompyuta ya mtumba amefunga na gazeti kama nyama ya robo, anataka thao kumi. Mimi nikabuy plagi. Zikakaa safi siku mbili, kisha zikarudi kuwa makaa.

Lakini hizo plagi zilikuwa zinaongea, ni vile sikuwa naskiza. Plagi ikitoka na oili mbichi, shaku ringi ama sili za valvu. Ikitoka na masizi makavu, kama ya chini ya sufuria, hiyo ni wese mob. Zangu zote nne zilikuwa na masizi, na kwa kiwango kimoja. Injekta nne haziwezi kuharibika siku moja kama zimekubaliana. Hapo shida iko kwa ofisi, si kwa wafanyakazi.

Beshte yangu akanipeleka Kariobangi Light, kwa mzae fulani mwenye huvaa miwani imefungwa na uzi. Hakushika spana. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akanipea na mimi ninuse. Petroli. "Kijana, unaosha silinda na wese. Hizo ringi mpya zitakaa aje kama oili inaoshwa kila siku? Hii enjini unaiua na bado haijafungua macho."

Kisha akanifunza, huku akifungua boneti polepole kama mtu anafungua zawadi. Kompyuta ya gari haioni kitu. Inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya wese, lakini hewa yenyewe haijawahi kuiona. Inaamini sensa. Kwa Hundred hakuna kidude cha kupima hewa ikiingia, kuna sensa ya vakyumu imebandikwa kwa ukuta wa nyuma ya enjini, na kipaipu chembamba kinachotoka kwa manifoldi. Hiyo paipu ikichomoka, ama ipasuke, kompyuta inadhani umekanyaga hadi sakafu, inamwaga wese. Na oveholi ni wakati kila paipu imechomolewa, kwa hivyo mzae alianza hapo. Paipu fiti. Akafungua kava ya taimingi belti, juu belti ikikosea jino moja tu vakyumu inashuka na sensa inasoma uongo. Alama zote zilikuwa zimekaa mahali pake.

Akachukua kawaya, akaunganisha TE1 na E1 kwa kile kijisanduku kimeandikwa DIAGNOSIS, akawasha switchi. Hapo taa ya enjini huhesabu kwa kublinki: 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni hiyo ya vakyumu. Yangu ikablinki mbio mbio bila kupumzika, maana yake hakuna kesi. Roho ikanidunda. Nikaona yule msee wa gazeti akihesabu thao zangu kumi.

"Hapo sasa tumekaribia," mzae akasema.

Gari hii ina sensa mbili za joto la maji, na watu huzichanganya. Ya waya moja inapeleka stori kwa dashibodi. Ya waya mbili inapeleka kwa kompyuta. Akaweka mita kwa ya waya mbili. Maji yakiwa digrii 80, inafaa kusoma kati ya omu 200 na 400. Tulikuwa tumetoka kuzunguka nusu saa, na ilisoma 800 hivi, yaani maji hayajafika hata 60. Mimi mbio: sensa imeharibika, nikimbie duka? Mzae akashika paipu ya juu ya rejeta na mkono mtupu. Akauacha hapo, ananiangalia.

Sensa haikuwa inadanganya mtu. Enjini ilikuwa baridi kweli, kompyuta ikaendelea kuilisha kama mgonjwa, asubuhi hadi jioni.

Tukafungua nyumba ya thamostati. Tupu. Fundi wangu wa oveholi alikuwa ameitoa na kuitupa, kisha akaiwaya feni dairekti, izunguke tangu ukiwasha. Hii Kanairo utaambiwa thamostati ni ya Ulaya, kwa baridi. Namuelewa, jo. Gari ilikuja kwake imechemka, hakutaka irudi imechemka tena. Alitibu woga wake. Lakini mimi nilikuwa wapi? Mshale wa joto ulikuwa umelala kwa C tangu siku ya kwanza na nilikuwa nafurahi, hadi nikaupiga picha nikapost.

Mpya ilikuwa soo nane, imechapwa 82. Mzae akaichemsha kwanza kwa sufuria ya chai, juu haamini kitu ya duka. Ndani kuna nta. Ikipata joto inafura na kusukuma mlango. Ikafunguka kabla maji yatokote, na huku kwetu juu maji hutokota hata kabla ya 100. Tukarudisha switchi ya feni, tukamwaga ile oili ya petroli, tukabadilisha filta, tukaclean plagi. Taimingi, yenye fundi alikuwa ameweka na maskio, ikawekwa na taa: digrii 10.

Nikatoka hapo jioni, moshi zii, sailensi imetulia tuli. Kufika Roysambu nikaangalia dashibodi: mshale umeamka, umepanda hadi katikati! Nikaweka hazadi, nikapark kando, jasho, nikampigia mzae.

"Umepita katikati?"

"La, umesimama hapo."

"Basi na wewe mbona umesimama?"