Tegu wa nguruwe au wa ng'ombe? Tofauti ambayo mzazi anapaswa kuijua

Mtoto ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kupata vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Wazazi wengi wakiambiwa hivyo hushangaa, na si ajabu.

Tegu ni mnyoo bapa kama utepe anayeishi kwenye utumbo wa binadamu. Wa nguruwe hufikia mita 2 hadi 7, na mwenye naye huenda asihisi chochote. Mtu humpata kwa kula nyama isiyoiva vizuri yenye vifuko vyake. Tegu wa ng'ombe huambukiza kwa njia hiyo hiyo, lakini huishia tumboni. Wa nguruwe ndiye wa kuogopwa: mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu, na binadamu mwingine akiyameza, vimelea vichanga husafiri kwenye damu na kujenga vifuko kwenye misuli, macho au ubongo. Vya ubongoni huleta degedege na kifafa, pengine miaka kadhaa baadaye. Huko Haydom, wilayani Mbulu, picha za CT-Scan zilionyesha vifuko hivyo kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Si pepo, wala si kosa la mama.

Kwa hiyo mtoto hapati vifuko kwa kula nyama. Anavipata kwenye mkono usionawa wa anayempikia, au mboga na maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Hapa miteremkoni tujue kwamba mfereji hupita vihamba vingi kabla ya kufika kwako.

Sasa, mgonjwa akipima choo, mtaalamu huona mayai ya tegu kwenye hadubini. Tegu yupi? Hawezi kusema, kwani mayai ya aina zote mbili yanafanana kabisa. Jibu hutolewa na vinasaba. Mwaka 2008 na 2009 watafiti walipima sampuli 1,057 za choo wilayani Kongwa, Dodoma. Nne zilikuwa na mayai ya tegu. Vinasaba vilionyesha kwamba watatu walikuwa na tegu wa ng'ombe, na mmoja wa nguruwe. Huyo mmoja ndiye ambaye mayai yake yangeweza kuwapa wengine nyumbani kwake vifuko. Vinasaba vilionyesha pia kwamba tegu wa nguruwe wa Kongwa na Mbulu ni wa ukoo unaopatikana Afrika na Amerika ya Kusini, tofauti na ule wa Asia.

Kipimo hicho hufanyika zaidi kwenye utafiti, si kwenye kila zahanati. Ndiyo maana yeyote nyumbani anayeona vipande vyeupe, bapa, kwenye choo chake anapaswa kutibiwa mapema, hasa kama ndiye anayepika. Nguruwe naye hupata vifuko kwa kula kinyesi cha binadamu, hivyo banda lililofungwa na choo chenye mlango ni kinga kwa watoto pia.

Usinunue dawa ya tegu kwa kukisia. Kama mgonjwa amewahi kupata degedege au ana maumivu makali ya kichwa yanayojirudia, mwambie daktari kwanza, kwa sababu prazikwanteli inaweza kuchochea degedege kwa mwenye vifuko ubongoni.