Kuwalinda Kuku na Wanyama Waharibifu

Huko Longisa, kando ya njia itokayo Bomet kwenda Narok, ni shida kuona boma lisilo na kuku. Mayai huliwa nyumbani au huuzwa sokoni, na jogoo mmoja aweza kuwapatia watoto madaftari. Mwenye kuku akiamka asubuhi na kukuta manyoya tu, hasara yake si ndogo. Mara nyingi lawama zote humwangukia mbweha, lakini wezi ni wengi, na kila mmoja ana njia yake.

Kwa hiyo yafaa kwanza kutazama dalili. Kifaranga akitoweka mchana pasipo damu wala manyoya, yamkini amenyakuliwa na mwewe. Nguchiro pia huiba mchana, naye hupenda mayai. Usiku huja kanu, ambaye hupenya katika tundu lolote lipitishalo kichwa chake, naye aweza kuua kuku wengi kuliko awezavyo kula. Nyegere ana nguvu: huchimba chini ya ukuta au kung'oa mbao. Mbweha mwenye mgongo mweusi huwakamata hasa kuku walalao nje. Lakini yule mwenye masikio makubwa, aonekanaye katika mbuga za Narok, chakula chake hasa ni mchwa, wala haifai auawe kwa kosa la wenzake. Tena wasisahauliwe siafu, ambao wakati wa mvua humvamia kuku aliyelalia mayai wakamuua pamoja na vifaranga.

Kinga iliyo bora ni banda imara. Kuku haoni vema gizani, na akishambuliwa usiku hawezi kujiokoa. Banda liinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita moja, na kila nguzo izungushiwe bati laini ili mnyama asipande. Madirisha yawekwe waya wenye matundu madogo, yasiyozidi sentimita moja na robo, kwa maana waya wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka lakini haumzuii kanu kuingia. Banda likijengwa chini, waya ufukiwe sentimita 30 ardhini kuzunguka ukuta. Mlango uwe na komeo, ufungwe kabla ya giza kuingia. Vifaranga nao wafunikwe kwa tenga mchana mpaka wapate nguvu. Vichaka vilivyo karibu vifyekwe, na miguu ya banda izungushiwe jivu jingi kuwazuia siafu.

Wako watu wanaotega nyama yenye sumu. Jambo hili ni la hatari kubwa. Sumu haichagui: humwua mbwa wa nyumbani, na tai alaye mzoga hufa pia, na mtoto aweza kuiokota. Isitoshe, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyamapori hairuhusu kila mtu kuwaua apendavyo.

Mbweha au nguchiro asiyeogopa watu asishikwe kwa mikono, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Kuku aliyepotea aweza kupatikana mwingine, lakini ugonjwa huo ukishaonyesha dalili zake, ni vigumu sana mtu kupona.