Mwanga nao hushika

Katika mkutano wa vijana tulisema, bila kufikiri sana, kwamba mwanga huonyesha vitu lakini hauwezi kuvigusa. Mwanafunzi mmoja wa biolojia akainua mkono, akatuambia tumekosea. Tulikwenda kusoma, tukaona kwamba alisema kweli. Kwa kuwa wengi walitusikia siku ile, tunajisahihisha hapa.

Mwanga husukuma. Msukumo wake ni mdogo mno, hatuusikii hata tukisimama juani saa sita. Lakini Arthur Ashkin, mwanafizikia wa Bell Labs huko Marekani, aliona kwamba kwa kitu kidogo sana msukumo huo unatosha. Mwaka 1970 alisukuma na kunasa shanga ndogo ndani ya maji kwa leza. Mwaka 1986, yeye na wenzake walishika ushanga kwa mwali mmoja tu uliokusanywa na lenzi.

Mtauliza: mwali unaosukuma unashikaje? Fikirini mtu anayeruka kutoka mtumbwini. Yeye anaenda upande huu, mtumbwi unarudi upande ule. Ushanga unaopitisha mwanga huupinda. Mwanga ukipindwa kwenda huku, ushanga husogea kule. Mwali ukikusanywa vizuri, ushanga hurudishwa kila mara karibu na mahali penye mwanga mwingi kuliko pote.

Kushika huku kunaweza kuua. Mwaka 1987 Ashkin alinasa bakteria kwa leza ya kijani, na mwanga ukawadhuru. Akabadilisha, akatumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na safari hii viumbe hivyo viliendelea kuzaliana vikiwa vimeshikwa.

Molekuli moja ni ndogo mno kushikwa hivyo. Watafiti huibandika kwenye ushanga, kisha hushika ushanga. Molekuli ikivuta, ushanga husogea kidogo, nao husoma nguvu yake kama muuzaji sokoni anavyosoma mizani ya springi.

Hapa ndipo tuliposhangaa zaidi. Ndani ya chembe za mwili wetu kuna protini iitwayo kinesini, mpagazi wa kweli, inayobeba mizigo juu ya njia nyembamba. Mwaka 1993 Steven Block na wenzake, kwa koleo hilo la mwanga, waliona kwamba haitelezi: inapiga hatua, kila hatua nanomita 8. Milimita moja ina nanomita 1,000,000. Mshipa wa fahamu utokao mgongoni hadi mguuni una urefu wa karibu mita moja. Tulipiga hesabu, ni hatua kama 125,000,000. Hakuna mpagazi mmoja anayefika mwisho peke yake. Wanaachia, wengine wanapokea.

Ashkin alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018, akiwa na miaka 96.

Katika mkutano ujao, kijana yule ndiye atakayeeleza haya. Sisi tutakaa upande wa wasikilizaji.