Je, Wajua? Ulimi wa Lumumba

Je, wajua kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliwahi kuuza bia? Alianza kama karani wa posta Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, akafungwa kwa kosa la fedha za posta, kisha mwaka 1957 akaajiriwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuinadi bia ya Polar. Mshahara ulitoka kiwandani, lakini kilichomfaa zaidi ni vile vilabu vya pombe: alizunguka humo akizungumza na kila aina ya mtu. Oktoba 1958, chama chake cha MNC kilipoundwa, jiji lilikwisha kumjua.

Je, wajua kwamba hotuba iliyompa jina duniani haikuwamo kwenye ratiba? Tarehe 30 Juni 1960, kwenye sherehe ya uhuru wa Kongo, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alimsifu Leopold II, mfalme aliyeifanya Kongo koloni lake, Rais Kasavubu wa Kongo akajibu kwa adabu, na hapo ndipo shughuli ilipaswa kwisha. Lumumba akasimama. Mbele ya mgeni mwenyewe alitaja matusi, vipigo na kazi za shokoa, huku redio ikirusha kila neno. Mfalme nusura afunge safari papo hapo.

Uwaziri mkuu haukufika hata miezi mitatu. Septemba 5 Kasavubu alimfuta kazi. Na ulimi ule ule ukamponza. Usiku wa Novemba 27 aliitoroka nyumba yake iliyozingirwa na askari, akaelekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Njiani wanakijiji walimtambua, wakataka awahutubie, naye hakuwa mtu wa kuwanyima. Muda ukapita, askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi, wakamfikia kwenye Mto Sankuru. Hata alipokuwa mahabusu Thysville, wakubwa walihofia angewageuza walinzi wake. Basi Januari 17, 1961 wakampeleka kwa ndege Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, na usiku huo akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 35.

Mwili uliyeyushwa kwa asidi. Gerard Soete, ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo, alijiwekea meno. Jino moja lilikabidhiwa kwa familia Juni 2022, likazikwa Kinshasa kwa heshima za kitaifa.

Marehemu hachagui wa kumsifu. Mwaka 1966 Mobutu, yule yule ambaye askari wake walimkamata, alimtangaza shujaa wa taifa. Chuo kikuu kimoja cha Moscow kilipewa jina lake mwaka 1961, kikalivua 1992, kikalirudisha 2023. Siasa za Urusi zinasomeka kwenye kibao cha lango lake. Dar es Salaam nako ana mtaa, ule uliokuwa New Street, ilikozaliwa TANU mwaka 1954 na ambako CCM, chama kilichoirithi, kina ofisi yake. Sema pale kijiweni kwamba “Lumumba wameamua,” na hakuna atakayemfikiria Mkongo yeyote. Watakuuliza CCM wameamua nini tena.