Lubumbashi: Hewa Bora, machozi ya mtoto katika maternele nayo ni somo

Kila mwezi wa tisa, masomo yanapofunguliwa, milango ya shule za watoto wadogo katika mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, inajaa kilio. Watoto wa miaka 3 wanang'ang'ania kitenge cha mama, wengine wanajitupa chini, wengine wanakaa kimya kwenye kona asubuhi nzima. Wazazi wengi wanaona ni jambo la kupita tu. Lakini namna mwalimu anavyopokea kilio hicho katika majuma ya kwanza inaweza kufanya mtoto aipende shule ao aiogope.

Kufuatana na sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014, maternele ni ngazi ya kwanza ya masomo na inachukua miaka 3. Hata hivyo, elimu ya bure iliyoanza mwezi wa tisa 2019 inahusu shule za msingi za serikali. Kwa maternele, mara nyingi mzazi ndiye anayelipa. Hiyo ni sababu moja inayofanya watoto wachache tu wafike huko: uchunguzi wa kitaifa wa MICS, uliofanywa mwaka 2017-2018 kwa msaada wa UNICEF, ulionyesha kama ni karibu mtoto 1 tu kwa 20 wenye miaka 3 na 4 anayefuata masomo ya aina hiyo katika Kongo.

Mzazi anayelipa anataka kuona faida ya pesa yake. Anafungua kaye akitafuta herufi na hesabu. Anafurahi mtoto akisalimia wageni kwa Kifaransa na kukariri shairi bila kukosea. Shule zinalijua hilo, na zinashindana kwa njia hiyo. Basi dakika kumi za kutuliza watoto wawili wanaogombania mpira zinaonekana kama wakati uliopotea.

Wataalamu wa malezi wanaona kinyume. Mtoto wa miaka 3 ao 4 bado hana nguvu ya kutawala hasira yake peke yake, kwa sababu sehemu ya ubongo inayosaidia mtu kujizuia inakomaa polepole sana, mpaka ujana. Anapouma mwenzake ao kupiga kelele, si lazima awe na kichwa kigumu. Anahitaji mtu mkubwa aliyetulia ili naye ajifunze kutulia. Kungoja zamu, kuomba badala ya kunyang'anya, kusema "nimekasirika" badala ya kupiga: yote haya yanafundishwa, sawa na vile herufi zinavyofundishwa.

Kazi hiyo haidai vyombo vya bei kali. Mwalimu anaweza kupokea kila mtoto mlangoni kwa jina lake, na kuanza kila siku kwa wimbo uleule, ili mtoto ajue kinachofuata. Mzazi asitoroke kwa siri mtoto akiwa anacheza. Heri amuage na kumwambia ukweli, "Mama atarudi saa sita," na kweli arudi saa sita. Watoto wakigombana, mwalimu anainama mpaka macho yake yafikie usawa wa macho yao, anasema alichoona, halafu anauliza kila mmoja anataka nini. Mchezo wa kupika bukari ya udongo nao unafundisha: nani atakoroga, nani atakula kwanza, nani anangoja.

Lugha ina uzito wake hapa. Mtoto anayeishi kwa Kiswahili nyumbani hawezi kueleza woga wake kwa Kifaransa alichoanza kusikia juzi. Lakini maneno kama hasira, huzuni, haya na wivu tayari anayasikia kwa mama na bibi yake. Sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa, Kiswahili kikiwa moja ya zile nne, zitumiwe kufundishia. Kumtuliza mtoto kwa lugha ya nyumbani hakuzuii kumfundisha Kifaransa baadaye.

Kizuizi kingine ni fimbo. Uchunguzi huohuo wa MICS ulionyesha kama zaidi ya watoto 8 kwa 10 wenye miaka 1 mpaka 14 wanarudiwa nyumbani kwa ukali, iwe kwa kupigwa ao kwa matusi. Hata hivyo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inaomba nidhamu itolewe kwa utu, katika jamaa na shuleni. Mtoto aliyepigwa ananyamaza, ni kweli. Lakini anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayeshinda, na kesho atalitumia somo hilo kwa mdogo wake.

Katanga yenyewe ina mfano. Kuanzia mwaka 2010, shirika la IRC lilizoeza walimu wa shule za msingi huko Katanga na Kivu, maeneo yaliyoguswa na vita, kufundisha kwa kujali hali ya moyo ya mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walifuata matokeo. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi walisema zaidi kwamba shule na walimu wao wanawasaidia, na kukawa maendeleo katika jiometri na, kwa kiasi kidogo, katika kusoma. Lakini uonevu kati ya wanafunzi haukupungua kwa wastani: kumzoeza mwalimu ni mwanzo tu.

Huko Marekani, katika mji wa Ypsilanti, watoto 123 wa familia maskini walifuatwa tangu 1962. Waliopitia shule ya Perry walipanda kwanza katika mitihani ya akili, kisha faida hiyo ikafifia. Lakini walipokuwa watu wazima, wengi zaidi kati yao walikuwa na kazi, na wachache zaidi walikamatwa na polisi. Mwanauchumi James Heckman na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo ilitokana na tabia: kujizuia na kuishi vizuri na wengine.

Hata mwalimu mwenye moyo hawezi kutuliza kila mtoto kama yuko peke yake na darasa limejaa. Kwa hiyo mzazi wa Hewa Bora anayetafuta shule asiishie kwenye kaye. Aulize mwalimu mmoja anachunga watoto wangapi, mtoto anayelia anafanyiwa nini, na kama fimbo inatumika. Kisha, jioni, amuulize mtoto wake si tu alichoandika, bali pia alicheza na nani.