KARANTINI YA SAMAKI WA MAPAMBO: GHARAMA NDOGO INAYOLINDA MTAJI

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya samaki wa mapambo ina hatari moja ambayo wengi wanaoingiza fedha zao humo huigundua wakiwa wamechelewa. Mzigo ulioingia dukani leo unaweza kuua mzigo wote uliokuwapo tangu mwezi uliopita. Gunia moja la mahindi likiingia ghalani na dumuzi, mwenye ghala ana wiki kadhaa za kugundua na kulitenga. Samaki mmoja mwenye vimelea akiingia kwenye tangi, mwenye duka huenda akawa na siku chache tu.

Kinga yake inajulikana na si ghali. Ni karantini, yaani kuwatenga samaki wapya katika tangi lao wenyewe kwa muda maalumu, kuwachunguza na kuwatibu, kabla ya kuwachanganya na wengine. Pamoja na hayo, wapo wafanyabiashara wanaoiruka hatua hii kwa sababu wanataka fedha yao izunguke haraka. Makala haya yanaeleza kwa nini haraka hiyo ni hesabu mbaya.

MZIGO UNATOKA WAPI

Samaki wanaouzwa katika soko hili hutoka katika vyanzo vya aina mbili. Wapo wanaovuliwa katika maji ya asili, mathalani samaki wenye rangi wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa kupitia Kigoma, wale wa Ziwa Nyasa, na samaki wa matumbawe wanaokusanywa katika pwani ya Kenya. Wapo pia wanaozalishwa katika mashamba, hasa ya Asia, ambako Singapore imekuwa kituo kikubwa cha biashara hii kwa miaka mingi.

Vyanzo vyote viwili huleta vimelea. Samaki wa ziwani huwa navyo vichache, kwa kuwa ziwa ni kubwa na kimelea kinachoogelea kutafuta samaki mara nyingi hufa kabla ya kumpata. Samaki huyo huyo akiwekwa na wenzake hamsini katika lita 200 za maji, hali hubadilika kabisa. Kimelea hakina safari tena. Samaki wa kukishika yuko sentimeta chache tu. Kwa samaki wa mashamba tatizo ni kwamba wamekwisha pita katika mabwawa, maghala na matangi ya watu kadhaa, na kila kituo kiliwachanganya na samaki wa mzigo mwingine.

Aidha, safari yenyewe huwadhoofisha. Samaki aliyekaa ndani ya mfuko wa nailoni kwa saa nyingi hushushwa akiwa amechoka na uwezo wake wa kujikinga umepungua. Vimelea vichache alivyokuwa akivimudu hupata nafasi ya kuongezeka.

MADOA MEUPE: ADUI NAMBARI MOJA

Kwa samaki wa maji baridi, kimelea kinachofahamika zaidi ni kile kinacholeta ugonjwa wa madoa meupe. Kitaalamu huitwa Ichthyophthirius multifiliis. Mfanyabiashara anayeelewa maisha ya kimelea hiki ataelewa karantini yote, kwa hiyo inafaa kuyaeleza.

Kimelea hujichimbia chini ya ngozi ya samaki au ndani ya matamvua na kula humo. Doa jeupe linaloonekana, lenye ukubwa kama chembe ya chumvi, ni kimelea kimoja kilichonenepa. Kikishakomaa hutoka, huanguka chini ya tangi, hujifunika kwa ganda na kugawanyika. Kutoka katika ganda moja hutoka mamia ya vimelea wachanga, ambao huogelea kutafuta samaki. Wasipompata katika siku moja au mbili hivi, hufa.

Hapa pana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, dawa haikifikii kimelea kikiwa ndani ya ngozi wala kikiwa ndani ya ganda. Huua wale wachanga wanaoogelea tu. Ndiyo maana anayetia dawa mara moja, akaona madoa yametoweka na kutangaza ushindi, hukuta baada ya siku chache madoa yamerudi mara kumi zaidi. Madoa yalitoweka kwa sababu vimelea vilishuka kwenda kuzaliana.

Pili, kasi ya mzunguko huu hutegemea joto la maji. Katika nyuzi joto 25 za sentigredi mzunguko huchukua chini ya wiki moja. Katika nyuzi 15 huchukua kama siku kumi, na katika nyuzi 10 karibu mwezi mzima. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa ataona ugonjwa haraka. Yule wa Mbeya au Arusha, ambaye maji yake hayapashwi moto, anaweza kudhani mzigo ni mzima kumbe kimelea kinakwenda taratibu tu. Maji yakiwa ya baridi, karantini iwe ndefu zaidi.

Tatu, samaki anaweza kuwa na vimelea katika matamvua peke yake, bila doa hata moja mwilini. Kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba "samaki hawa ni safi, waangalie mwenyewe" si dhamana.

WENGINE WASIOONEKANA

Wapo pia minyoo bapa wadogo wanaoshika ngozi na matamvua, ambao huonekana kwa darubini. Baadhi huzaa watoto hai, wengine hutaga mayai. Dawa inayotumika sana dhidi yao ni prazikwanteli, ile ile inayotibu kichocho kwa binadamu. Hata hivyo haiui mayai, hivyo kwa wale wanaotaga ni lazima dawa irudiwe.

Ndani ya utumbo kuna minyoo ya mviringo. Mmoja wao, Camallanus, hutambulika kwa nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja. Huyu hutibiwa kwa levamisoli, dawa ambayo wafugaji wanaifahamu kwa mifugo yao. Chawa wa samaki huonekana kwa macho na wanaweza kutolewa kwa kibanio.

Kwa samaki wa baharini kuna kimelea kingine cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, ambacho maganda yake yanaweza kukaa wiki nyingi kabla ya kupasuka. Kwa samaki hawa siku 30 ni kiwango cha chini.

Msomaji ajiulize gharama ya uzembe inaweza kufika wapi. Mwaka 1975 mnyoo bapa aitwaye Gyrodactylus salaris, mwenye urefu wa kama nusu milimita, aligunduliwa nchini Norway baada ya kuingia na samaki wachanga aina ya samoni kutoka Uswidi. Alienea katika mito zaidi ya 40 na kuangamiza samoni wa asili. Ili kumwondoa, serikali ililazimika kutia sumu katika mito, ikaua samaki wote waliokuwamo, kisha ikaanza upya.

JINSI YA KUENDESHA KARANTINI

Tangi la karantini halihitaji urembo. Liwe tupu bila changarawe, ili uchafu uonekane na dawa isinaswe. Ndani yake ziwekwe bomba mbili tatu za plastiki za kujifichia, pampu ya hewa na chujio la sponji. Sponji hiyo ikae kwanza wiki kadhaa ndani ya tangi lenye samaki wazima, ili ipate bakteria wanaoondoa amonia. Tangi jipya lenye sponji mpya huua samaki kwa amonia, na mwenye duka hubaki akilaumu vimelea.

Jambo hili ni zito zaidi kwa samaki wa Tanganyika. Maji ya ziwa hilo ni ya alikali sana, na kadiri alikali inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Mfuko wa safari unapofunguliwa, hewa ukaa hutoka, alikali hupanda, na amonia iliyojikusanya njiani huwa sumu ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo mfuko uliosafiri saa nyingi usiachwe wazi muda mrefu. Joto likishalingana, samaki watolewe kwa wavu na maji ya mfuko yamwagwe. Maji hayo yasiingie kwenye tangi kabisa.

Muda uwe wiki nne. Wiki ya kwanza ni ya kupumzisha, kulisha kidogo na kutazama. Samaki anayejisugua kwenye bomba, anayehema haraka, aliyefunga mapezi, anayekonda huku akila, au mwenye kinyesi cheupe kama uzi, anatoa taarifa. Ukiona dalili, tibu kwa dawa inayolingana na ugonjwa na uimalize dozi. Chumvi ya kawaida, gramu 3 kwa lita, husaidia dhidi ya baadhi ya vimelea vya maji baridi na bei yake ni ndogo. Kila dalili mpya au kifo kinachotiliwa shaka huanzisha hesabu ya siku upya. Hali kadhalika, ukiongeza samaki hata mmoja katikati, siku zinaanza moja.

Tangi la karantini liwe na wavu wake, ndoo yake na mpira wake, na likae mbali na mengine, kwa kuwa hata matone yanayorushwa na pampu hubeba vimelea. Kila siku hudumia kwanza matangi ya mauzo, na la karantini liwe la mwisho. Ukimaliza mzigo, safisha kwa klorini, suuza na ukaushe vyombo kabisa.

Tahadhari moja: dawa ya rangi ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo hutumika kwa madoa meupe, isikaribie kabisa samaki wa kuliwa kama sato.

HESABU YAKE

Tuchukue mfano, kila mtu aweke bei za mahali pake. Mfanyabiashara ana samaki wa Sh. 2,000,000 dukani. Kila mwezi ananunua samaki 100 kwa Sh. 3,000 kila mmoja, jumla Sh. 300,000. Tangi la karantini na vifaa vyake ni Sh. 180,000. Tukizifuta gharama hizo kwa mwaka mmoja, kila mzigo unabeba Sh. 15,000. Chakula, chumvi, dawa na umeme tuseme Sh. 20,000. Fedha iliyolala wiki nne, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ni Sh. 6,000.

Jumla ni Sh. 41,000 kwa mzigo, au Sh. 410 kwa samaki. Kwa mizigo 12 ni Sh. 492,000 kwa mwaka. Tangi moja linatosha, kwani mizigo 12 ya wiki nne ni wiki 48, na wiki nne zinabaki za kusafisha.

Sasa tuseme ugonjwa mmoja ukiingia dukani unaua nusu ya samaki. Hasara ni Sh. 1,000,000, bila kuhesabu wateja waliopeleka samaki wagonjwa nyumbani wakapoteza na wa kwao. Kwa hesabu hiyo karantini inajilipa ikiwa inazuia ugonjwa mmoja tu kila baada ya miaka miwili. Anayepokea mizigo 24 katika kipindi hicho kutoka kwa wauzaji mbalimbali asitegemee kuwa na bahati mara zote 24. Na kama maduka yake yana chujio moja linalozungusha maji katika matangi yote, nusu ni makisio ya huruma.

KWA ANAYETAKA KUWEKEZA

Mwenye fedha anayeombwa kuingia ubia katika biashara hii asianze na daftari la mauzo. Aombe kuonyeshwa tangi la karantini, kisha daftari la vifo: tarehe mzigo ulipoingia, ulitoka kwa nani, wangapi walikufa na siku ya ngapi. Daftari hilo humwonyesha pia muuzaji gani wa kuachana naye. Duka lisilo na viwili hivyo, mtaji wake unaweza kupotea kwa wiki moja.

Mwisho, samaki wagonjwa na maji yao visimwagwe mtoni wala ziwani. Maji yatiwe klorini kwanza na mizoga ifukiwe. Anayevua au kusafirisha samaki hai Tanzania anabanwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na mahali pa kuanzia ni kwa ofisa uvuvi wa wilaya, kabla ya kununua mzigo.